Ruta Yako "Imefika Mwisho wa Maisha"? Nani Amekufa?

Wasee, kuna maneno kwa biashara ya ruta yananikera vibaya: "imefika mwisho wa maisha." Ruta yenyewe iko juu ya kabati, taa zinawaka kijani, plot nzima inapata waifai. Nani amekufa hapo?

Chukua D-Link DIR-859. Januari 2024 lilitangazwa shimo kwenye programu yake ya ndani, hatari yake 9.8 kwa 10. Mtu yuko mbali huko, hana nenosiri lolote, anatuma ombi moja tu na ruta inamtolea majina na maneno ya siri ya wenye akaunti humo. Juni mwaka huo huo, watafiti wa GreyNoise wakaona kuna watu tayari wanalitumia. D-Link wakasemaje? Hiyo modeli tuliacha kuihudumia, itoe, weka nyingine.

Yaani kosa ni la kiwanda, bili ni yako.

Na msiniletee ile ya "si ubadilishe tu nenosiri." Badilisha, ni poa. Lakini shimo kama hili halipiti mlangoni, linapitia dirisha ambalo fundi alisahau kuweka vyuma. Mwenye kushika ruta yako anaweza kukupeleka tovuti feki ukidhani ni ile ya kweli, ama aifanye askari wa jeshi lake la kuangusha mitandao ya wengine. Novemba 2016 huko Ujerumani, wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom walipata shida ya intaneti kwa sababu ruta zao zilishambuliwa na virusi vya ukoo wa Mirai. Hao wote walikuwa wazembe? Acheni hizo.

Najua kuna mjuaji anakuja kusema kampuni haiwezi kurekebisha kitu cha bei rahisi milele. Sawa, nani ameomba milele? Tunaomba tarehe. Pakiti ya maziwa iko na tarehe, na inakunywewa asubuhi moja ikaisha! Ruta unaitolea maelfu pale Luthuli, unaambiwa tu ina antena nne.

Uingereza walichoka na huu mchezo. Tangu 29 Aprili 2024, anayeuza kifaa cha intaneti cha nyumbani lazima aseme kitapata marekebisho ya usalama mpaka lini. Akikaidi, faini inaweza kufika pauni milioni 10 au asilimia 4 ya mapato yake ya dunia nzima, ile iliyo kubwa. Hapa kwetu Mamlaka ya Mawasiliano tayari huidhinisha vifaa kabla viingie sokoni. Basi tarehe iandikwe kwa boksi, kwa herufi kubwa, kando ya hizo antena.

Leo usiku geuza ruta yako, soma modeli pale chini, utafute kama bado inahudumiwa. Ikiwa imeachwa, muulize aliyekuuzia au aliyekufungia intaneti, na umuulize kwa maandishi. Akikwambia ununue nyingine, muulize hiyo nyingine inakufa lini.