Jezi Moja, au Kombe Libaki

Kila yanapotokea mapigano ya koo huku kwetu Tarime, nyumba zikishachomwa na ng'ombe zikishachukuliwa, haupiti muda kabla hatujaitwa kwenye bonanza la amani. Milingoti ya magoli inachomekwa, mbuzi wa zawadi anafungwa chini ya mti, kiongozi anaalikwa kuhutubia, na timu ya ukoo huu inapangwa kucheza na timu ya ukoo ule. Eti huo ndio upatanisho. Mimi naupinga mpango huo.

Chukua Wanchari na Warenchoka, au Wairegi na Wanyabasi. Ukiwasimamisha vijana kumi na mmoja upande mmoja kwa sababu ya ukoo wao, na kumi na mmoja upande wa pili kwa sababu hiyo hiyo, umewapatanisha vipi? Umeyashonea jezi mapigano yale yale. Refa akikataa bao moja tu, wazee waliokaa pembeni wanaanza kukumbushana ng'ombe za mwaka gani hazijarudi. Kama kucheza na mtu kungetosha kuleta undugu, tungekuwa ndugu zamani, kwa maana tumechezeana sana. Ninachokitaka ni kingine: wavae jezi moja.

Mfano wangu unatoka mbali, tena katika mchezo ambao hapa kwetu hauchezwi, mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kuvaa kofia ngumu. Mwaka 1951 timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo cha mapadre Wajesuiti, ilicheza mechi tisa ikashinda zote tisa. Kati ya vijana wale walikuwamo weusi wawili, Ollie Matson na Burl Toler. Matson alikimbia na mpira yadi 1,566 msimu ule, na hakuna mchezaji wa chuo chochote Marekani aliyemfikia. Huko kwao timu bora hualikwa mwisho wa msimu kwenye mechi kubwa za heshima, ambazo huingizia chuo fedha nyingi. Nyingine huchezwa majimbo ya kusini, na wakati ule sheria za kusini zilimtenga mtu mweusi na mweupe. Kwa masimulizi ya wachezaji wenyewe, ujumbe uliowafikia ulikuwa mfupi: mwaliko upo, wale wawili wabaki nyumbani. Wenzao wakakataa. Ama twende wote, ama tusiende.

Hawakwenda. Wapo waliodai kwamba wapinzani wao msimu ule walikuwa wepesi, ndiyo maana hawakualikwa. Wepesi gani? Katika timu hiyo moja, watatu, yaani Matson, Gino Marchetti na Bob St. Clair, baadaye waliingizwa katika nyumba ya heshima ya mpira wa kulipwa wa nchi ile.

Tusiwacheke Wamarekani. Mwaka huo huo wa 1951 Tanganyika ilitwaa Kombe la Gossage mara ya tatu mfululizo, nasi tukashangilia, huku shule zetu zikiwa zimegawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Ubaguzi tunaujua. Tofauti ni kwamba ule wa rangi tuliukataa kwa sababu uliletwa na mgeni, na huu wa koo tunauita mila.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wahutubiaji wa mabonanza hawapendi kuisikia. Vijana wa San Francisco hawakulipwa kitu kwa uamuzi wao. Chuo kilikuwa na shida ya fedha, na msimu ule ulipokwisha, timu ikavunjwa. Matson alipata medali mbili za mbio katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Toler aliumia goti mwaka huo huo kabla hajacheza mpira wa kulipwa, akawa mwalimu, na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya mchezo huo. Lakini timu kama timu ilikufa. Heshima ya chuo chao kwa wale waliobaki hai ilikuja wakiwa wazee. Basi anayetuhubiria umoja atuambie kwanza yuko tayari kukosa nini. Mimi bado sijamwona kiongozi wa timu huku kwetu aliyerudisha mbuzi.

Niliyoyaona ni haya. Timu moja ya kata, sitaitaja, ilikuwa na winga mwepesi kama swala, mtoto wa ukoo wa jirani aliyehamia kwa mjomba wake. Alicheza mechi zote za mwanzo akafunga mabao. Ilipofika fainali na wenzake wa nyumbani, wazee wakasema huyu ni mamluki, ataliuza pambano. Kamati ikamwondoa usiku. Wenzake kumi na wanne walijua, wakafunga kamba za viatu wakaingia uwanjani. Walishinda, na nyama ya mbuzi ikaliwa. Siwalaumu sana wale vijana, maana hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia kwamba timu inaweza kugoma kwa ajili ya mtu mmoja. Nawalaumu waliokula nyama.

Wenzetu wa Serengeti wasijione wako nje ya maneno haya. Pale Mugumu Mkurya, Mngoreme na Mwikoma wanauziana sokoni na kukaa dawati moja shuleni, lakini ikipangwa mechi ya kijiji utasikia "wetu" na "wao" kama huku kwetu tu.

Serikali imetuwekea Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya. Polisi wanaweza kusimama katikati ya koo mbili. Hawawezi kuchagua kikosi. Kikosi kinachaguliwa na kamati, kwenye kibanda cha chai, kwa kalamu na karatasi. Bonanza lijalo kamati zote mbili zikae meza moja, zichanganye majina, zitoe timu mbili zenye damu zote ndani. Na mwenye kamati anayeona nimekosea anijibu kwa karatasi yake ya mwaka huu: ina majina mangapi ya ng'ambo ya mto?