Nilikwenda Natron kupiga picha giza!

Leo naomba niweke kando yale mambo ya mapenzi na mavazi, nikusimulie kisa changu mwenyewe, maana kuna wasomaji wamenisumbua kweli kweli wakitaka kujua ile picha ya nyota ukutani kwangu niliinunua wapi. Sikuinunua. Niliipiga mwenyewe, na ilinigharimu!

Kisa chenyewe kinaanzia kwa mzee wangu. Baba alikuwa mvuvi Kilwa Kivinje kabla hajahamia Dar. Enzi zake alitoka na mashua usiku, akarudi alfajiri kwa kufuata nyota, bila dira. Sasa hivi mchana anaona vizuri tu, gazeti anasoma, lakini jua likishazama ni kama kafungwa kitambaa usoni. Nyota haoni hata moja. Siku moja nimekaa naye barazani kule Mbagala, akaniambia kama utani, "Mwanangu, mimi kinachoniuma si kushindwa kutembea usiku. Ni mwaka wa ngapi huu sijakiona Kilimia."

Maneno yale yakaniingia. Nikajiuliza, kama mzee mchana anaona, si nimletee usiku mchana?

Basi bwana, Julai 2024 washikaji zangu wanne wakapanga safari ya Ziwa Natron, wakapande mlima Ol Doinyo Lengai. Nikadandia. Kamera nikaazima kwa shemeji, ambaye alinikabidhi kama anayeozesha binti. Mama watoto alipouliza nakwenda kufanya nini, nikamwambia nakwenda kupiga picha usiku. Akanitazama juu mpaka chini. "Yaani unachukua laki zote hizo unakwenda kupiga picha giza?" Nikafyata.

Tarehe za safari alizichagua baba. "Nenda mwisho wa mwezi," alisema, "mwezi wa Kiislamu, si huu wa mishahara." Wavuvi wanajua. Zikifika ishirini na nane, ishirini na tisa, mwezi hauonekani mpaka karibu na mapambazuko, tena kiduchu tu kama ukucha. Ukienda siku za mwezi mpevu anga lote linafuliwa jeupe, na nyota ndogo zote zinazimika.

Kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero ni zaidi ya kilometa 100 za vumbi. Ukifika, utasahau mgongo unaouma. Kusini umesimama Lengai, karibu mita 3,000 kwenda juu, kwa Kimasai maana yake Mlima wa Mungu. Ni volkano hai, na mara ya mwisho kulipuka kwa kishindo ilikuwa 2007 hadi 2008. Kaskazini limelala ziwa lenye magadi, ambako ndege aina ya heroe huja kuzaliana kwa maelfu kwa maelfu. Taa ya barabarani hakuna. Usiku ukiingia, giza ile mbaya! Mkono wako mwenyewe huuoni.

Nilipoinua kichwa, nusura nikae chini. Jamani, sisi wa Dar tunadhani nyota ni zile kumi na tano zinazochungulia katikati ya nyaya za umeme. Kule mbingu imejaa kama chumvi iliyomwagika. Njia ya Maziwa inapita juu kama moshi wa mkaa, imeanzia kusini mwa mlima, inapita kwenye mkia wa Nge. Wataalamu wanasema upande ule ndiko kiini cha kundi letu la nyota kilipo, safari ya miaka 26,000 kwa mwendo wa mwanga. Sisi tunahesabu foleni ya Mbagala!

Nikakimbilia kamera. Kiherehere changu, nikaiacha ijitafutie yenyewe shabaha, ikawa inalialia tu, lenzi inazunguka mbele na nyuma, haioni kitu. Nilipolazimisha, nyota zikatoka kama maandazi. Nikaacha kamera wazi dakika nzima, zikatoka ndefu kama punje za mchele, maana dunia haisimami, inazunguka nyuzi 15 kila saa. Nikatulia, nikapatia kidogo, mara mshikaji mmoja kawasha taa za gari atafute mswaki. Picha ikawa nyeupe pe! Ukaja na upepo wa jioni wa Natron, ukatingisha stendi. Kufika saa 6 usiku nilikuwa na picha mia moja na kitu, nzuri nne. Nikalala fofofo.

Kesho yake nikampigia baba, kifua mbele. Nikamsimulia Nge, nikamsimulia nyota nne za msalaba wa kusini zilivyokaa juu ya mlima. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu. "Na Kilimia?"

Kimya. Kilimia sikukiona.

Mzee akacheka. "Mwanangu, umekwenda Julai unakitafuta jioni? Kilimia saa hizi kinatoka alfajiri, kaskazini mashariki. Saa 10 uwe macho." Nikakumbuka sasa ule usemi wa wazee, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mwezi wa tano kinazama na jua, mwezi wa sita kinaibuka upya alfajiri, na wakulima walikitazamia misimu. Hata jina lake limetokana na kulima. Mimi mtoto wa mvuvi, msomi wa mjini, sikujua.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Usiku wa pili ndio ulikuwa wa kupanda Lengai. Wapandaji wanaondoka saa 5 usiku ili wafike kileleni kunapokucha. Hela ya mlima nilishalipa, na hairudi. Mlima wenyewe ni mkali, majivu yanateleza, unatambaa kwa mikono na magoti, huwezi kusimamisha stendi. Na betri ya kamera, kwa ule uzembe wa jana, ilibakiwa na mstari mmoja. Washikaji wakanicheka, "Wewe vipi, umetoka Dar mpaka hapa uje kulala kwenye hema?" Niliwaza sana, msomaji. Mlima ule sijui kama nitaupata tena. Lakini mzee wangu ana miaka sabini na nane. Nikawaambia nendeni.

Nikabaki na mlinzi wa kambi, kijana wa Kimasai. Tukakaa tunatazama tochi za wenzangu zikipanda mlimani, taa ndogo ndogo kwenye mstari, na roho inaniuma. Nilipomweleza ninachosubiri, hakunicheka. Akasema hata kwao nyota zile wana jina lake, na wazee wao huzitazama kwa habari za mvua. Akaniambia nilale, ataniamsha.

Saa 10 kasoro dakika chache akanigonga mguu. Upepo umekufa. Juu ya ziwa, kaskazini mashariki, pale pale baba alipopasema, kile kishada kidogo cha nyota kimekaa kama ndizi mchanga. Mikono inatetemeka, si kwa baridi. Nikapiga ya kwanza, nyota zimecheza. Ya pili sawa. Ya tatu safi! Ya nne kamera ikazima, betri kwisha habari yake. Nikakaa chini kwenye mchanga, nikakitazama Kilimia kwa macho mpaka weupe wa asubuhi ukakifuta.

Dar nikaichapisha kubwa, upana wa meza. Nikaipeleka Mbagala saa 7 mchana, jua la utosi. Baba akaibeba mpaka mlangoni penye mwanga, akavaa miwani. Akaweka kidole, akahesabu, "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Halafu akakunja uso. "Mbona ziko nyingi hivi? Hizi nyingine umeziongeza wewe." Nikamweleza kwamba kamera inakusanya mwanga sekunde nyingi, inaona zisizoonekana kwa jicho, na kwamba mwanga ule uliondoka kule kiasi cha miaka 440 iliyopita, karibu na zama za Wareno kujenga Fort Jesus Mombasa. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi si mimi peke yangu niliyechelewa kukiona."

Picha moja iko kwake, nyingine ukutani kwangu. Na mama watoto siku hizi ndiye anayewaonyesha wageni, "Hii mume wangu kaipiga mwenyewe!" Haya!

Sasa nawe msomaji ukitaka kujaribu, usirudie ujinga wangu. Chagua siku za giza. Beba stendi imara, uitundikie mfuko wa mawe upepo usiitingishe. Zima ile ya kujitafutia shabaha, ielekeze kamera kwenye nyota kali, uikuze kwenye kioo, kisha zungusha lenzi kwa mkono mpaka nyota iwe nukta. Sekunde zake, chukua 500 gawanya kwa urefu wa lenzi. Mimi lenzi ilikuwa ya milimita 24, ikaja kama sekunde 20, tundu nikalifungua mpaka 2.8 na ISO nikaweka 3200. Usibonyeze kwa kidole, weka ile ya kuhesabu sekunde mbili kwanza. Tochi ifunge kitambaa chekundu, na funguo za gari mnyang'anye dereva! Betri beba tatu. Na usitembee peke yako gizani, porini si kwa mjomba wako.

Lakini la kwanza kuliko yote, kabla hujaondoka, muulize mzee wako nyota gani inatoka saa ngapi. Muulize angali yupo.

Tukutane wiki ijayo, majaliwa.