Tanki Hudidimia, Bomba Je?

Kuna sifuri moja isiyonipendeza hata kidogo. Tanki kubwa la mafuta likijazwa, uzito hugandamiza udongo nalo hudidimia. Bomba lililoungwa ubavuni huvutwa chini, lakini nguzo yake ya kwanza haishuki. Hapo kiungo hubeba mateso yote.

Si jambo la kupuuza. Desemba 1974, huko Mizushima, Japani, msingi wa tanki ulishuka upande mmoja, sakafu ikapasuka na mafuta yakamwagika hadi baharini.

Programu ya kukokotoa mkazo wa mabomba haiujui udongo. Ukiiachia sifuri, itakwambia mambo ni shwari. Kwa maoni yangu, ikatae kuendelea mpaka mhandisi aandike milimita alizopewa na wapimaji wa udongo.

Tiba zipo. Jaza tanki maji ya majaribio, lishuke kwanza, ndipo uunge bomba. Pia sogeza nguzo mbali: kwa bomba lililonyooka, umbali ukiwa maradufu, mkazo hupungua hadi robo. Ama tumia nguzo za springi.

Nyinyi mwasemaje?