Nyangumi wa Atlantiki na sheria inayopima urefu wa boti

FEBRUARI 2021, boti ya uvuvi wa burudani yenye urefu wa futi 54 ilikuwa ikirejea St. Augustine, jimbo la Florida nchini Marekani, ilipomgonga ndama wa nyangumi. Boti ilitoboka, ikaanza kujaa maji, na nahodha akalazimika kuipandisha mchangani isizame. Ndama alikutwa amekufa ufukweni.

Kanuni ya mwendo haikumhusu nahodha huyo. Kanuni hiyo, iliyotolewa Oktoba 2008 baada ya kukaa zaidi ya mwaka mzima ikipekuliwa na Ikulu ya Marekani, ilizitaka meli za futi 65 na zaidi zisizidi maili 10 za baharini kwa saa, yaani takriban kilometa 18.5, katika maeneo na misimu maalumu ya pwani ya mashariki. Pungufu ya futi 65, kila mtu na mwendo wake.

Nyangumi hao, ambao wawindaji wa kale waliwaona "wafaao" kwa kuwa ni wazito wa mwendo na huelea wakishakufa, walikadiriwa kuwa 384 tu mwaka 2024. Majike yanayozaa ni kama 70, na jike ambalo zamani lilizaa kila baada ya miaka mitatu hivi, siku hizi hukaa miaka saba hadi kumi. Huzaa ndama mmoja. Ni weusi, hawana pezi mgongoni, na mama mwenye ndama hupenda kukaa karibu na uso wa maji. Kumwona kutoka kwenye boti inayokimbia ni bahati.

Mwaka 2022 idara ya serikali inayosimamia bahari, NOAA, ilipendekeza kanuni iguse pia boti za futi 35 hadi 65. Wavuvi wa burudani, watengenezaji wa boti na marubani wa bandari walikuja juu. Hoja ya marubani ina uzito: boti ndogo ikitambaa katika mawimbi makubwa huyumba vibaya. Lakini pendekezo lenyewe liliruhusu kuongeza mwendo hali ya hewa inapochafuka, jambo ambalo wapinzani wengi hawakulitaja.

Januari 2025, siku chache kabla ya Rais Joe Biden kuondoka madarakani, pendekezo liliondolewa. Sababu iliyotolewa ni kwamba maoni ya wananchi yalifika kama 90,000 na muda wa kuyashughulikia haukutosha. Sababu hiyo ni dhaifu, kwani faili lilikuwa mezani tangu 2022.

Wapinzani wanataka mkazo uwekwe kwenye vifaa vya kutambua nyangumi badala ya kanuni za mwendo. Bado hawajaeleza nahodha atafanya nini kifaa kikishamwonyesha mnyama mbele yake, kama si kupunguza mwendo.