Kunakili si kuiba

Mwenzangu wa kitivo aliona kazi yangu mezani akacheka: "Na wewe unakopia?" Nilikuwa ninanakili kwa rangi za mafuta, kutoka picha iliyochapishwa, sura ya Msichana mwenye Hereni ya Lulu, aliyoichora Johannes Vermeer wa Uholanzi karibu mwaka 1665. Ninamjibu hapa.

Nilidhani ninaijua sura ile. Brashi ilinionyesha kwamba sikuwahi kuitazama. Nilitafuta mstari unaotenga pua na shavu: haupo. Nilitafuta kulabu ya kuitundika hereni sikioni: haipo. Lulu yenyewe ni miguso michache tu ya rangi nyeupe juu ya kivuli. Nilipolazimisha mstari wa pua, uso ukawa kinyago. Nilipoufuta, uso ukarudi.

Sisi wanafunzi wa lugha tungepaswa kuelewa haya kuliko wengine. Hakuna aliyeanza kusema kwa maneno aliyoyabuni mwenyewe. Hata Rubens, akiwa tayari mchoraji mashuhuri, alinakili kazi za Titian.

Wizi ni kuficha chanzo, kama afanyavyo anayechukua kazi ya mwisho wa masomo ya mwingine na kuibandika jina lake. Nyuma ya kitambaa changu nimeandika: "kwa kumfuata Vermeer".

Sasa ninamchora mama yangu. Rangi za ngozi nilizojifunza kwa Vermeer hazimfai, nimeziacha. Lakini mstari wa pua siuchori tena kabla ya kuhakikisha kwamba upo.