Mnakimbilia wapi?

Kila wikendi nawaona hapa Ramisi: gari la kukodi kutoka Diani, vioo juu, mbio hadi Shimoni kuwahi boti ya Wasini, jioni mbio tena kurudi. Halafu mnaposti eti mmetembea Kwale. Mmetembea wapi, na hamkushuka hata mara moja?

Raha ya barabara hii ni kusimama. Gazi, piteni njia ya mbao ya akina mama katikati ya mikoko. Hapa kwetu kiwanda cha sukari kilifungwa 1988, na wazee waliokifanyia kazi bado wapo. Kaeni nao, wanapiga stori hao! Nunueni dafu pia. Pesa ya boti inaishia Shimoni, ya dafu inalala Ramisi. Na darajani punguzeni mwendo, jamani, watoto wanavuka.