Hesabu ya Thanos
Ukiwasikia vijana wa Karatu wakibishana nani katili zaidi kati ya Darth Vader wa Star Wars na Thanos wa Marvel, usiwapuuze. Vader, aliyeonekana kwanza kwenye sinema mwaka 1977, ni shujaa aliyepotoka: aliogopa kumpoteza mkewe, hofu ikazaa ukatili, na mwishowe mwanawe ndiye aliyemrudishia utu. Thanos, aliyebuniwa na Jim Starlin mwaka 1973, ni wa namna nyingine. Katika filamu ya mwaka 2018 anakuja na hesabu: viumbe wamezidi, riziki haitoshi, basi nusu watoweke. Vader unamhurumia, Thanos anakutisha kwa sababu unajikuta karibu kumwitikia. Na hesabu za namna hiyo si ngeni huku kwetu. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959, wafugaji walioruhusiwa kuishi na wanyamapori walikadiriwa kuwa 8,000; miaka ya karibuni wametajwa kufikia 100,000, na tangu Juni 2022 baadhi wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari, wapo wanaopinga. Simwiti mtu Thanos: kuhamisha si kuangamiza, na malisho kweli yana kikomo. Lakini takwimu, hata zikiwa sahihi, hazimpi mtu haki ya kuwaamulia wengine. Thanos alihesabu wote, hakumuuliza hata mmoja. Anayetaka kuwa shujaa wa Ngorongoro aanze kwa kuuliza, na awe tayari kuambiwa hapana.